Karatasi ya Hospitali Inasema Nini Hasa?

Jumapili moja baada ya ibada alitujia bibi mmoja akifuatana na mjukuu wake wa kike. Sisi akina mama watatu wa kamati ya afya ya usharika wetu, wawili wauguzi na mmoja mwalimu, hukaa na meza yetu barazani mwa kanisa kila Jumapili ya kwanza ya mwezi. Tunapima presha, tunashauri juu ya lishe, na zaidi ya yote tunasoma karatasi. Watu hutuletea karatasi za kila namna: majibu ya maabara, barua za rufaa, vyeti vya kutoka wodini, na vile vikaratasi vyenye maandishi ya sisimizi vinavyokunjwa ndani ya maboksi ya dawa. Nyingi zimeandikwa kwa Kiingereza.

Bibi huyo alikuwa amerudi wiki iliyotangulia kutoka India alikokwenda kufanyiwa upasuaji. Tulimwamkia, akaitikia, akaketi, akatoa bahasha kwenye mkoba wake. Hakutaka tumsomee barua iliyokuwamo, kwa kuwa mjukuu wake, aliyekuwa kidato cha tatu, alikwisha isoma nyumbani. Alichotaka ni kutuuliza kama insulini iliyobaki kwenye friji ya jirani tangu kabla ya safari bado ilikuwa nzima, maana alikusudia kuanza kujichoma jioni ile ile.

"Barua ndiyo inayosema hivyo?" tukamwuliza mjukuu.

"Ndiyo, mama. Inasema bibi amezoea kutumia insulini, na sasa kuna vidonge vya metformin."

Tuliifungua tukasoma. Sentensi yenyewe ilikuwa hivi: "She used to take insulin, now on metformin 500 mg twice daily." Kwa Kiswahili ni kusema: zamani alikuwa akitumia insulini, sasa anatumia metformin, miligramu 500, mara mbili kwa siku. Daktari alikuwa anaiaga insulini. Mtoto alisoma kana kwamba anaikaribisha.

Mtu ambaye sukari yake imekwisha kutulia kwa vidonge, akijichoma insulini kwa kipimo chake cha zamani, sukari inaweza kushuka mno. Hutoka jasho jembamba, hutetemeka, huongea maneno yasiyoeleweka, na asiposaidiwa huzimia na anaweza kufa. Mambo hayo yangetokea usiku, watu wote wamelala. Bibi huyo hulala chumba kimoja na mjukuu huyo huyo.

Hatukumkemea binti. Alikuwa amefanya alichofundishwa. Alipoulizwa alisema kwamba shuleni waliambiwa "used to" maana yake ni kuzoea. Na ni kweli kabisa, isipokuwa ni katika sentensi nyingine.

NENO MOJA, KAZI TATU

Tazama sentensi hizi tatu, mpendwa msomaji, na ikiwezekana mwite kijana wako aliye sekondari muzitazame pamoja.

"She used to take insulin." Alikuwa akitumia insulini, siku hizi hatumii.

"She is used to taking insulin." Amezoea kutumia insulini, haimsumbui tena.

"Insulin is used to treat diabetes." Insulini hutumika kutibu kisukari.

Maneno "used to" yamo katika zote tatu, kwa herufi zile zile. Kinachobadili maana ni majirani zake. Kama mbele yake hakuna "is", "am" au "are", na nyuma yake kuna kitendo kilicho kitupu kama "take", basi ni habari ya zamani iliyokwisha. Kama mbele yake kuna "is" na kitendo kinachofuata kina mkia wa "ing", basi ni mazoea. Kama kuna "is" lakini kitendo kinachofuata hakina mkia, basi ni matumizi ya kitu. Hakuna kamusi itakayokupa jibu hilo ukilitafuta neno "used" peke yake.

Tumefikiri sana kwa nini jambo hili huwasumbua hata watoto wenye akili nzuri, na tunadhani sababu iko katika lugha yetu wenyewe. Kiswahili hubeba mizigo yake ndani ya kitenzi. Tukisema "hatukumpa", kwa neno hilo moja tumekwisha taja ni akina nani, ni wakati gani, ni nani aliyekusudiwa, na kwamba jambo lenyewe halikufanyika. Kiingereza hutumia maneno matano: "we did not give him". Mizigo ile ile imetawanywa katika vineno vidogo vidogo, na mahali pa kila kineno ni sehemu ya maana. Ukiruka kimoja umepindua habari nzima.

Nasi tunawafundishaje watoto kusoma Kiingereza? Tunawaambia wapigie mstari maneno magumu, wakayatafute. Binti yule alikuwa amepigia mstari "metformin". Neno hilo halikuwa na hatari yoyote. Hatari ilikuwa katika "used to", ambayo hakuipigia mstari kwa kuwa aliiona rahisi.

WENYE LUGHA NAO HUKWAMA

Tusije tukadhani ni aibu yetu peke yetu. Mwaka 2006 jarida la udaktari la Marekani, Annals of Internal Medicine, lilichapisha uchunguzi uliofanywa katika kliniki za miji mitatu, Shreveport, Jackson na Chicago. Watu wazima 395, wote wasemaji wa Kiingereza, walionyeshwa chupa za dawa na kuulizwa maana ya maandishi. Moja ya maandishi hayo lilikuwa: "Take two tablets by mouth twice daily." Tumia vidonge viwili, kwa kumeza, mara mbili kwa siku.

Katika wale wenye elimu ndogo ya kusoma, asilimia 70.7 waliweza kulieleza agizo hilo sawasawa kwa mdomo. Lakini walipoambiwa wahesabu na kuonyesha ni vidonge vingapi watakavyotumia kwa siku, ni asilimia 34.7 tu waliotoa vinne. Yaani mtu anaweza kuisema sentensi vizuri bila kosa, na mkono wake ukafanya jambo jingine. Sisi tuliposoma habari hiyo tulikumbuka mara ngapi tumemwuliza mgonjwa dirishani, "Umeelewa?" naye akajibu, "Nimeelewa," nasi tukaita, "Mwingine!"

Uingereza nako walijirekebisha. Kitabu chao cha dawa, British National Formulary, kilikuwa na maneno ya tahadhari ambayo wafamasia huyabandika kwenye dawa. Moja lilisema "Avoid alcoholic drink". Watafiti wakagundua kwamba watu wengine hulielewa neno "avoid" kuwa ni kupunguza, wakajiruhusu glasi moja mbili. Mwaka 2011 yakabadilishwa na kuwa "Do not drink alcohol". Usinywe pombe. Basi, imekwisha. Tulipenda uamuzi huo: hawakuwafundisha wagonjwa Kiingereza zaidi, waliirekebisha sentensi.

Na kuna kisa kingine cha huko huko ambacho hakihusu dawa, lakini hatuwezi kukiacha. Usiku wa tarehe 2 Novemba 1952, vijana wawili walikuwa juu ya paa la ghala mjini Croydon, karibu na London. Christopher Craig, wa miaka 16, alikuwa na bastola. Derek Bentley, wa miaka 19, kijana mzito wa kuelewa, alikuwa amekwisha kamatwa na askari juu ya paa hilo hilo. Askari walidai kwamba Bentley alimwita mwenzake akisema, "Let him have it, Chris." Craig alipiga risasi, na kabla mambo hayajaisha askari mmoja, Sidney Miles, alikuwa amekufa.

Maneno hayo yana maana gani? Yaweza kuwa "Mpe hiyo bastola, Chris", yaani jisalimishe. Yaweza pia kuwa "Mtandike". Yote mawili ni Kiingereza sahihi, na kineno "it" hakisemi ni kitu gani. Vijana wote wawili walikana kwamba maneno hayo yalisemwa. Craig hakuweza kunyongwa kwa sababu ya umri wake. Bentley alinyongwa tarehe 28 Januari 1953. Familia yake ilihangaika miaka mingi, na tarehe 30 Julai 1998 mahakama ya rufani ikaifuta hukumu yake. Baba na mama yake walikuwa wamekwisha kufa.

"NDIYO" INAYOMAANISHA "HAPANA"

Turudi wodini. Kama tungeambiwa tuchague kosa moja tu la kuwaonya wasomaji, tungechagua hili, kwa kuwa linatokea kila siku na wengi hawajui kwamba linatokea.

Mgonjwa anaandaliwa kwa upasuaji. Anatakiwa awe hajala chakula kwa masaa yasiyopungua 6, kwa sababu akipewa nusu kaputi huku tumbo limejaa, chakula kinaweza kupanda na kuingia katika mapafu. Ni jambo la kuua. Basi daktari mgeni, ambaye Kiswahili chake ni cha kusalimia tu, anamwinamia mama kitandani na kumwuliza kwa upole: "You haven't eaten anything, have you?"

Mama aliyesoma kidogo anaelewa maneno yote. Hajala kitu tangu jana jioni. Anajibu, "Yes."

Kwa Kiswahili amejibu vizuri. Sisi tukiulizwa "Hujala?" na kweli hatujala, tunasema "Ndiyo, sijala." "Ndiyo" yetu inalikubali lile swali: ni kama ulivyosema. Lakini "yes" ya Kiingereza hailitazami swali, inalitazama tendo. Ukisema "yes", umesema umekula. Kama hukula, unatakiwa useme "no", hata kama unakubaliana na mwulizaji kwa kila neno. Daktari anasikia kwamba mama amekula, anaahirisha upasuaji, na mama anarudishwa wodini na njaa yake bila kujua kosa lake.

Hapo tumeshukuru, kwa kuwa kosa limeangukia upande wa usalama. Sasa ligeuze. Mama mwingine amekunywa uji alfajiri kwa sababu mkwe wake alimwonea huruma. Anaulizwa swali lile lile. Anajibu, "No," akikusudia kusema: hapana, si kama unavyodhani, mimi nimekula. Daktari anasikia: sikula. Mgonjwa anasukumwa kuingia chumba cha upasuaji.

Tumeliona hilo likitokea mara moja kwa macho yetu, na aliyeokoa hali alikuwa mhudumu wa usafi, aliyekuwa amekiona kikombe cha uji chini ya kitanda akasema kwa sauti. Tangu siku ile hatuulizi swali lenye "si" ndani yake. Tunauliza: "Mara ya mwisho ulikula nini, na saa ngapi?" Mgonjwa analazimika kutaja chakula na saa.

Na akitaja saa, ole wake mkalimani! Mama akisema alikula saa mbili usiku, asitafsiriwe "two o'clock". Saa mbili yetu ni saa 8 yao. Tofauti ya masaa 6 inatosha kabisa kuharibu hesabu. Nyumbani nako, kijana akisoma "8 a.m." kwenye karatasi ya dawa, mama akamwelewa kuwa ni saa nane, dawa ya asubuhi italiwa mchana.

Kama ni wewe unayelala kitandani na kuulizwa kwa Kiingereza, usijibu neno moja. Sema sentensi nzima: "I ate last night" au "I have not eaten". Na kama Kiingereza hakitoshi, sema kwa Kiswahili na uombe muuguzi atafsiri. Hilo si jambo la kuonea haya. Wanaoona haya ndio wanaotutia hofu.

KOSA LETU WENYEWE

Ni haki tuseme na la kwetu. Mmoja wetu, miaka ya mwanzo kazini, alikuwa akimpa mama mmoja dawa ya presha iitwayo enalapril. Kikaratasi cha ndani kilisema: "You must not take this medicine if you are pregnant." Mama yule, aliyekuwa na ndoa ya miezi michache, aliuliza kinasema nini. Muuguzi wetu akamjibu bila kufikiri: "Kinasema si lazima kuitumia ukiwa mjamzito."

Tazama jinsi kosa lilivyojengeka. "Must" ni lazima. "Not" ni si. Ukiyaunganisha unapata "si lazima", na maneno yote mawili yametafsiriwa sawasawa! Lakini sentensi ilikuwa inapiga marufuku, sisi tukaigeuza kuwa hiari. Anayetaka kusema "si lazima" kwa Kiingereza husema "you need not" au "you do not have to". "Must not" ni usi: usitumie, ni mwiko. Dawa hiyo inaweza kudhuru figo za mtoto aliye tumboni.

Muuguzi mzee aliyekuwa meza ya pili alisikia, akamfuata mama yule hadi getini. Tunamkumbuka kwa mengi, lakini kwa hilo tunamkumbuka zaidi.

Kuna mengine ambayo tumeyakusanya mezani petu kwa miaka hii. "Hardly" ni moja. Mtoto wa miaka miwili alikuwa akiharisha, na zahanati moja ikamwandikia rufaa: "The child hardly drinks." Mjomba wake kijana aliisoma nyumbani. "Hard" anaijua, ni kwa nguvu, kwa bidii, kama "work hard". Akamwambia dada yake: "Wanasema mtoto anakunywa kwa nguvu." Dada akapata faraja, akaona rufaa inaweza kungoja hadi Jumatatu. Sentensi ilisema kwamba mtoto hanywi, au anakunywa kwa shida kabisa. Walipopita kwetu Jumapili macho ya mtoto yalikuwa yamezama, na ngozi ya tumbo ukiifinya ilirudi polepole. Tuliacha meza tukaondoka nao hadi hospitali. Aliongezewa maji usiku kucha, akapona. Sasa yuko shule ya msingi.

Herufi moja, "a", nayo ni ya kuangaliwa. "There is a little improvement" ni habari njema: kuna nafuu kidogo. Ukiondoa hiyo "a", "There is little improvement", ni habari ya kusikitisha: nafuu karibu haipo. Ukoo mmoja ulifanya shukrani na kuchinja mbuzi kwa sababu ya barua ya namna hiyo, ndugu wakawa hawajajiandaa kwa yaliyofuata. Hatusemi zaidi, kwa sababu wanatufahamu.

Halafu iko sentensi ambayo haina kosa lolote na bado inapoteza watu: "Do not stop taking the tablets because you feel better." Daktari anakusudia: kujisikia nafuu kusikufanye uache vidonge. Msomaji anasimama kwenye "do not stop taking the tablets", kisha anaona "because you feel better" kama sababu ya kutoacha: endelea, kwa kuwa vinakupa nafuu. Huyo hana neno, anaendelea. Lakini mwezi ujao asipojisikia nafuu ataona sababu imekwisha, ataviacha. Na hapa hatuwezi kujidai, maana Kiswahili kina mtego huo huo. "Usiache dawa kwa sababu unajisikia nafuu" nayo ina maana mbili. Kwa hiyo hatuitafsiri. Tunaivunja na kusema upya: "Hata ukijisikia nafuu, endelea kumeza. Hata usipojisikia nafuu, endelea kumeza, kisha njoo utuambie."

Kwa kweli hata "kutwa mara tatu" yetu inahitaji kuangaliwa. Wako wanaoielewa "kutwa" kama mchana tu, wakavimaliza vidonge vitatu kabla jua halijazama, na usiku mzima hawana dawa.

MEZA YA SASA

Siku hizi mtu akituletea karatasi hatuanzi kwa kumtafsiria. Tunampa kalamu ya risasi, yeye au kijana aliyemsindikiza, azungushie duara vineno vidogo: "not", "unless", "until", "used to", "hardly", "before", "only". Maneno marefu tunayaacha kwanza. "Unless" ndiyo inayotuchukulia muda mrefu kuliko zote, kwa sababu imebeba "usi" na ruhusa kwa pamoja. "Do not give to children unless advised by a doctor": usimpe mtoto, ila kama daktari ameagiza. Wasomaji wengi huishia nusu ya kwanza na kumnyima mtoto dawa aliyoandikiwa, au hukumbuka nusu ya pili tu na kuiona dawa ni ya watoto.

Baada ya hapo tunamwomba atuonyeshe. Hatumwulizi kama ameelewa. Tunasema: "Tuseme kesho kumekucha. Unaamka. Unafanya nini kwanza?" Naye anamimina vidonge juu ya kitambaa, anavitenga: hivi vya asubuhi, hivi vya jioni. Mkono hausemi uongo kwa ajili ya adabu. Wababa huona haya kidogo kuchezea vidonge mbele za watu, kwa hiyo wao tunawaita pembeni.

Na tunawahimiza watu wasiondoke dirisha la dawa bila kusema agizo kwa maneno yao wenyewe, hata kama foleni nyuma inaguna. Sisi tulio ndani ya dirisha tunajua jinsi tunavyochoka saa tisa alasiri, na tunajua kwamba mgonjwa anayerudia maneno hutuchelewesha dakika moja. Tunamwomba atucheleweshe.

Bibi wa insulini alifuata vidonge vyake. Ile chupa ya kwenye friji ya jirani aliirudisha hospitali mwenyewe. Mjukuu wake, ambaye tulidhani angetukimbia kwa aibu, alianza kuja kukaa nasi kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, akiwa na daftari la kunakili sentensi. Tumemwachia vijana wenzake awasomee.

Mwezi uliopita alikuja baba mmoja na karatasi ya daktari wa ngozi. Jua lilikuwa kali, foleni ilikuwa ndefu, nasi tulitaka kumaliza. Tukaisoma haraka, "One tablet every other day", tukamwambia: kidonge kimoja kila siku. Baba akashukuru, akaanza kuikunja karatasi yake.

"Samahani, mama," binti akasema, kidole chake kikiwa juu ya karatasi. "Hapa katikati kuna 'other'."

Tulimwomba yule baba aketi tena. Tukahesabu upya: leo kimoja, kesho hakuna, keshokutwa kimoja.